Safari ya Bosnia: Pale Mfupa Unaporudishiwa Jina

Mji wa Tuzla, ulioko kaskazini-mashariki mwa Bosnia na Herzegovina, umepata jina lake katika neno la Kituruki lenye maana ya chumvi. Kwa karne nyingi watu wake walivuta maji ya chumvi kutoka chini ya ardhi, hata ardhi yenyewe ikachoka, ikatitia, na nyumba nyingi za katikati ya mji zikapasuka na kubomolewa. Leo mahali hapo pana maziwa ya maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa mikono ya binadamu, na siku za joto watoto huruka na kupiga mbizi humo kama wafanyavyo watoto wa Forodhani. Tuliwaona jioni ya siku yetu ya kwanza, mizigo yetu ikiwa bado haijafunguliwa. Asubuhi iliyofuata tuliingizwa katika chumba cha mifupa.

Tulikuwa wanafunzi tisa kutoka Tanzania, watano wa kiume na wanne wa kike. Baadhi yetu tunasomea udaktari, wengine kemia, na wengine sheria. Tulialikwa katika warsha ya siku kumi na mbili kuhusu sayansi ya uchunguzi wa jinai, mwanzoni mwa Julai 2025, pamoja na vijana wa nchi nyingine kadhaa. Ugeni haukuwa tatizo kubwa kwa wazee wetu, maana walijua tunakwenda katika nchi yenye Waislamu wengi na misikiti mingi. Kilichowasumbua ni kazi yenyewe. Mama wa mwenzetu mmoja alituuliza uwanjani, siku ya kuagana: "Wanangu, kuna haja gani ya kwenda mbali kiasi hicho kutazama mifupa ya watu? Maiti si aachwe apumzike?" Hatukuwa na jibu la kumpa. Swali lile tulisafiri nalo, na makala hii kwa kiasi fulani tunamwandikia yeye, kwani tunajua wapo wazazi wengi wenye swali hilo hilo.

Tulipita Istanbul, kisha tukashuka Sarajevo, mji uliolala bondeni kati ya milima. Kwa wasomaji ambao hawajafika huko, tunasema kwa ufupi kwamba mgeni wa pwani ya Afrika Mashariki hajioni mgeni kabisa katika mji ule wa kale. Mafundi wa shaba wamekaa vibarazani wakigonga birika na sinia. Msikiti wa Gazi Husrev-beg, uliojengwa katika karne ya 16, umesimama katikati ya soko na chemchemi ya udhu uani mwake. Lugha yao ni ya Kislavoni, hatukuielewa hata sentensi moja, lakini kila mara neno lililotujia masikioni lilikuwa letu. Habari wao huita *haber*. Wakati ni *vakat*. Sahani ni *sahan*. Subira wanaiita *sabur*, nasi tunayo saburi. Kahawa huletwa katika kikombe kidogo wanachokiita *fildžan*, na mzee yeyote wa Mombasa au Unguja atakwambia kwamba hicho ni finjani. Sababu ni moja: Kiarabu kilifika kwao kwa njia ya Waturuki na kikafika kwetu kwa njia ya bahari. Neno lingine la aina hiyo tulilijua baadaye, nalo si la kutajwa pamoja na kahawa.

Tuongeze jambo dogo kwa wenye mpango wa kusafiri huko wakati wa kiangazi. Jua la Julai huzama saa mbili na nusu usiku, na Isha huingia saa nne imepita. Alfajiri nayo haikawii. Vijana tuliozoea nyakati za kwetu, ambazo hazibadiliki sana mwaka mzima, tulitumia siku tatu za kwanza tukisinzia darasani.

Sasa turudi Tuzla, na kwanza tueleze kwa nini mifupa ipo huko.

Katika vita vya Bosnia vya mwaka 1992 hadi 1995, mji mdogo wa Srebrenica uliokuwa umejaa Waislamu waliokimbia vijiji vyao ulizingirwa. Mwaka 1993 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliutangaza kuwa eneo salama, na askari wa kulinda amani wakawekwa. Tarehe 11 Julai 1995 majeshi ya Waserbia wa Bosnia chini ya Jenerali Ratko Mladić yaliuteka. Wanawake na watoto walipakiwa katika mabasi wakaondolewa. Wanaume na wavulana walitengwa. Wengine maelfu walijaribu kupita msituni kwa miguu kuelekea Tuzla, na wengi wao walikamatwa njiani. Katika siku chache zaidi ya watu 8,000 waliuawa, katika maghala, mashambani na kandokando ya mito. Mahakama ya kimataifa iliyokaa The Hague iliamua kwamba yalikuwa mauaji ya kimbari. Wenzetu wa sheria hawakukosa kuwakumbusha wenyeji, kwa adabu lakini kwa fahari isiyofichika, kwamba hukumu ya kwanza kabisa ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa hilo haikutolewa Ulaya. Ilitolewa Arusha, tarehe 2 Septemba 1998, katika mahakama iliyoshughulikia mauaji ya Rwanda.

Jambo linaloifanya Srebrenica kuwa darasa kwa wanasayansi wa dunia nzima ni lile lililofuata. Mnamo Septemba na Oktoba 1995 wauaji walirudi usiku na mashine za kuchimbia, wakafukua makaburi ya halaiki, wakabeba miili kwa malori na kuifukia katika mashimo mengine mbali na pale, ili ushahidi usionekane. Miili ilikuwa imeanza kuoza. Vijiko vya mashine viliikata na kuichanganya. Kwa sababu hiyo mtu mmoja ameweza kupatikana mkono wake katika kaburi moja, paja katika la pili, na fuvu katika la tatu, umbali wa makumi ya kilomita. Makaburi ya halaiki ya Srebrenica yaliyogunduliwa, ya awali na ya kuhamishia, ni zaidi ya 80.

Chumba tulichoingizwa kilikuwa na rafu ndefu, na mifuko iliyoandikwa namba. Simu zetu tuliziacha nje. Mezani, juu ya karatasi nyeupe, ilipangwa mifupa ya mtu mmoja kwa utaratibu wa mwili: fuvu juu, mbavu kushoto na kulia, vidole vya miguu mwisho kabisa, na pengo mahali pa mkono wa kulia. Hatukuambiana, lakini wengi wetu tulijikuta tukitoa kimoyomoyo salamu ile itolewayo makaburini. Mtaalamu aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, mpole, asiye na maneno mengi. Alitaka kujua kwanza kama kuna miongoni mwetu aliyefiwa karibuni, na akasema huyo akae karibu na mlango ili aweze kutoka bila kuomba ruhusa.

Kisha akaanza kutufundisha kusoma. Nyonga humtofautisha mwanamume na mwanamke. Urefu wa mfupa wa paja hukadiria kimo. Umri huonekana katika meno, hasa magego ya mwisho, na katika ncha za mifupa ambazo kwa kijana huwa bado hazijaungana. Alituonyesha mtulinga, mfupa unaotoka begani kuja kifuani. Ncha yake ya upande wa kifua ni miongoni mwa sehemu za mwisho kabisa kuungana mwilini. Mtu huweza kufikia miaka ya ishirini na kitu kabla haijakamilika. Mfupa uliokuwa mezani ncha yake ilikuwa wazi kabisa, kama kipande kilichovunjika kwa unadhifu. "Huyu," akasema, "hakuwa amemaliza kukua." Tuliokuwa tumeizunguka meza ile wote tulikuwa na umri wa miaka 20 hadi 24.

Tulifundishwa pia jinsi kaburi linavyoulizwa maswali. Huko Kozluk watu waliuawa mahali palipokuwa pakitupwa taka za kiwanda cha vinywaji, penye vigae vingi vya chupa. Miaka baadaye vigae vya namna ile ile vilipatikana pamoja na mifupa katika kaburi lililo mbali na hapo, na kwa hivyo ikajulikana kwamba waliolala humo walihamishwa. Udongo na chavua za mimea zilitoa ushuhuda wa namna hiyo hiyo kwa makaburi mengine, na vivyo hivyo vitambaa vilivyowafunga watu macho na kamba zilizowafunga mikono. Kisha tuliambiwa habari ya saa za mkono. Baadhi ya marehemu walikuwa wamevaa saa zile zinazojitia ufunguo kwa mwendo wa mkono, zenye kuonyesha siku na tarehe. Mkono ukitulia, saa ya aina hiyo huendelea kwa muda wa siku moja na nusu au mbili, kisha husimama. Saa zile zilisimama na tarehe zake, na tarehe hizo zikapelekwa mahakamani. Mshitakiwa anaweza kumkana shahidi aliye hai, akasema ana chuki au amesahau. Saa iliyosimama mkononi mwa maiti ataikana vipi?

Pamoja na hayo yote, katika miaka ya kwanza waliotambuliwa kwa majina walikuwa wachache mno. Picha za nguo na vitu vya mfukoni zilikusanywa katika vitabu, na akina mama wakawa wanafungua ukurasa baada ya ukurasa wakitafuta fulana waliyoifuma au kiraka walichokishona. Lakini nguo za msaada zilifanana, na ndugu waliazimana makoti. Mabadiliko yalikuja na vinasaba. Tume ya Kimataifa ya Watu Waliopotea, iliyoundwa mwaka 1996, iliamua kuachana na utaratibu wa kumtafutia kila maiti ndugu zake mmoja mmoja, ikaugeuza: itachukua damu ya ndugu wote wanaotafuta, itachukua kipande cha kila mfupa, na itaacha orodha mbili hizo zikutane. Mwezi Novemba 2001 zilikutana kwa mara ya kwanza kwa Srebrenica, na aliyepatikana alikuwa mvulana wa miaka 15.

Kazi yenyewe haina uchawi wowote. Tone la damu hukaushwa juu ya kadi. Kipande cha mfupa au jino husafishwa, husagwa kikawa unga, na vinasaba hutolewa ndani yake kwa dawa za maabara. Mtoto hurithi nusu kwa baba na nusu kwa mama, kwa hiyo ndugu wa karibu wakitoa damu, hesabu hufanywa kuona kama mfupa huu unaweza kuwa wa mtoto wao au ni bahati nasibu tu. Tume haitoi jibu mpaka uhakika ufikie asilimia 99.95. Kwa ajili ya Srebrenica peke yake, ndugu zaidi ya 22,000 walitoa damu, wengi wao wakiwa wakimbizi waliotawanyika duniani. Karibu watu 7,000 wamekwisha kurudishiwa majina. Wanaobaki kutafutwa ni kama 1,000.

Hapa tuwaombe wasomaji wetu wavumilie kidogo, maana tunataka kueleza jambo ambalo hatukulitarajia, na ambalo kwa maoni yetu lilikuwa somo kubwa kuliko mashine zote tulizoonyeshwa.

Mwenzetu wa kemia aliuliza: ikiwa mama amepoteza watoto wawili wa kiume, wote hawajaoa, na damu iliyopo ni ya mama na baba tu, vinasaba vitajuaje huyu ni nani kati ya wawili? Yule mama mtaalamu akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akasema havitajua. Vinasaba vitasema huyu ni mtoto wa wazazi hawa, kisha vitanyamaza. Hapo mtaalamu wa mifupa hurudi mezani kupima umri na kimo, na ikiwa ndugu walikaribiana umri, hurudi kwa mama mwenyewe. Yupi aliwahi kuvunjika mguu? Yupi alikuwa na jino lililopanda juu ya jingine? Yupi alitumia mkono wa kushoto? Majibu ya mama huandikwa kama yanavyoandikwa matokeo ya maabara. Wapo akina mama, alisema, waliokumbuka hata jeraha la utotoni ambalo baba hakuwa na habari nalo.

Baada ya maelezo hayo mwenzetu wa Pemba alitoka nje. Tulidhani ni ile ruhusa ya mlangoni. Jioni alitueleza.

Ami yake alikuwamo katika meli ya MV Spice Islander iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 karibu na Nungwi, ikitoka Unguja kwenda Pemba. Mamia ya watu walipotea, na wengi hawakuonekana tena. Wengine miili yao iliopolewa, ndugu wakaenda kuitambua katika viwanja vya Maisara, na ambao hawakutambuliwa walizikwa bila majina. Bibi yake hakupata chochote. Hakupata mwili, wala kiatu, wala mtu aliyemwona mwanawe dakika za mwisho. Miaka 14 sasa, kila Idi bibi hushona kanzu ya kimo kile kile na kuitoa sadaka. Mke wa ami alikaa miaka akiwa hajui yeye ni mke au mjane. Shamba dogo la mikarafuu halijagawiwa, kwani bibi hataki kusikia neno mirathi.

Suala hili mafakihi wamelizungumza tangu karne za mwanzo, nasi tulilijadili usiku ule mpaka karibu na Alfajiri. Aliyepotea, ambaye wanamwita *mafqud*, mali yake haigawiwi mpaka ithibiti amekufa, au kadhi ahukumu hivyo baada ya muda kupita. Kuhusu mkewe, Maliki walisema asubiri miaka minne, kisha akae eda ya miezi minne na siku kumi. Katika madhehebu ya Shafi tuliyolelewa nayo wengi wetu wa pwani, kauli yenye nguvu ni kwamba asubiri mpaka yakini ipatikane. Yakini! Neno hilo tulilisoma madrasa tukalikariri, na hatukuwahi kufikiri kwamba linaweza kutoka katika unga wa mfupa. Zamani yakini ilikuja kwa mashahidi wawili waadilifu au kwa mtu kurudi kwa miguu yake. Sasa Mwenyezi Mungu amewafunulia waja wake mlango mwingine, na kwa mwanamke aliyeachwa kati ya ndoa na ujane, mlango huo si anasa ya wasomi.

Kuhusu kumpumzisha maiti, ambalo ndilo lilikuwa swali la mama yetu uwanjani, tuliuliza pia. Heshima ya maiti katika dini yetu haina mjadala, wala mfupa wake hauvunjwi kwa mchezo. Lakini waliolala katika mashimo yale hawakuwa wamepumzishwa. Walikuwa wamefichwa. Mafakihi wa Shafi wanasema kiungo cha Muislamu kikipatikana, na ikajulikana kwamba amekufa, kinaoshwa, kinasaliwa na kinazikwa. Madhehebu mengine yana masharti yake kuhusu kiasi cha mwili. Familia za Bosnia nazo zimegawanyika. Wapo wanaozika kwa mifupa michache iliyopatikana ili kaburi liwepo. Wapo wanaosema tungoje, labda fuvu litaonekana mwaka ujao, na wanangoja mpaka wanakufa wao wenyewe. Wengine wamezika, kisha mfupa mwingine ukapatikana, na kaburi likafunguliwa kwa staha ili uwekwe pamoja na wenzake. Hatuoni kwamba yupo kati yao wa kulaumiwa.

Kwetu nyumbani elimu ya vinasaba ipo. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali inafanya uchunguzi huo, na tangu mwaka 2009 tunayo sheria inayosimamia vinasaba vya binadamu. Lakini tukiwa wakweli, Mtanzania wa kawaida akisikia neno hilo huwaza kesi za wanaobishania watoto. Ni mara chache tunakumbuka kwamba damu ya mama inaweza kumtafuta mwanawe. Tumepata misiba mikubwa ya majini, MV Bukoba mwaka 1996 ikiwa mojawapo, na katika kila msiba wapo waliozikwa kwa namba. Sisi tunaona kwamba familia iliyopotelewa isingojee mtu wa kuja kuiuliza. Umri wa marehemu, kimo chake, meno yaliyong'olewa, mifupa iliyowahi kuvunjika na hospitali alikotibiwa, hayo huandikwa wakati wazee wangali hai. Mashine zinaweza kununuliwa mwakani. Kumbukumbu ya bibi wa miaka 80 hainunuliki.

Tarehe 11 Julai tulikwenda Potočari, nje kidogo ya Srebrenica. Barabara inapita katika milima yenye misitu, kijani kibichi ajabu, na nyumba zilizojengwa upya zikiwa jirani na nyumba zisizo na paa. Siku tatu kabla, maelfu ya watu walikuwa wameanza kutembea kutoka Nezuk, njia ya takriban kilomita 100 ambayo walionusurika waliipita mwaka 1995, ila wao huitembea kinyume, kurudi kule walikotoka wakimbizi. Tuliwakuta wamefika, wamechoka, nyayo zimefungwa bendeji, wazee kwa vijana.

Upande mmoja wa barabara lipo jengo la kiwanda cha zamani cha betri, lililokuwa makao ya askari wa kulinda amani. Upande wa pili, kilima kizima ni makaburi. Mawe meupe, membamba, yamepangwa safu kwa safu, zaidi ya 6,700. Mwanzoni macho hayakubali kwamba yale ni mawe. Mtu hudhani ni shamba la kitu fulani kilichochanua. Unaposogea ndipo unasoma majina, na unaona jina moja la ukoo likijirudia katika safu, na mwaka wa mwisho ni ule ule mmoja. Ndani ya duara la mawe yamechongwa majina ya waliouawa, na idadi iliyoandikwa ni 8,372.

Mwaka huo, uliokuwa wa 30 tangu mauaji, majeneza yalikuwa saba. Wawili kati ya marehemu walikuwa vijana wa miaka 19, na mmoja alikuwa mwanamke wa miaka 67. Majeneza yalifunikwa kitambaa cha kijani. Wenyeji huliita jeneza *tabut*, na tabuti ni neno tunalolijua. Lile neno jingine tuliloahidi kulitaja ni *dženaza*. Kwao ni swala na maziko yenyewe, kwetu ni kitu anachobebewa maiti, na mtu yeyote wa pwani angelitambua bila mkalimani. Baada ya Adhuhuri tulisimama safu moja na watu tusiowajua, bosi na mkulima na mwanafunzi wa Dar es Salaam, bega kwa bega juu ya nyasi, tukaletewa takbira nne.

Majeneza yalinyanyuliwa na kupita juu ya vichwa vya watu, kutoka mkono hadi mkono. Lilipotufikia moja, nasi tulinyoosha mikono. Lilikuwa jepesi sana. Wenzetu wa udaktari walijua vizuri mifupa ya mtu mzima ina uzito gani, hata hivyo wote walitazamana. Kisha yakasomwa majina kwa kipaza sauti, na makaburi yakafukiwa kwa sepetu zilizopokezanwa, kila mtu akitupa kidogo na kumpa mwingine. Karibu na kaburi la mmoja wa wale vijana alikaa mama mzee, ushungi mweupe, kimya. Hakulia. Mtu alimletea maji akayapokea, akamwagia kidogo udongo mbichi, kisha ndipo akanywa.

Jioni ile, kabla basi halijaondoka, mwenzetu wa Pemba alisimama kando ya barabara akapiga simu nyumbani. Alizungumza na bibi yake muda mrefu, kwa sauti ya chini, mkono mmoja umeshika daftari juu ya goti. Tulimsikia akisema: "Bibi, si kwamba wameniambia lolote. Nataka kujua tu. Ami aliwahi kuvunjika popote?" Akanyamaza akisikiliza. Aliporudi garini alituonyesha ukurasa. Mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, alianguka kutoka juu ya mkarafuu akiwa na miaka tisa, msimu wa mavuno. Uliungwa na mganga wa kijijini na ukabaki umepinda kidogo. Jino moja la mbele lilikuwa na ufa. Kimo, bibi hakukijua kwa hesabu ya sentimita, lakini alisema akisimama mlangoni mwa chumba cha ukumbini kofia yake ilikuwa ikigusa kizingiti, na mlango ule bado upo, mtu aende akaupime.